Kahawia ya Mita Kumi na Tano

Hitima ya Mzee Kombo ilisomwa Ijumaa baada ya sala ya Alasiri katika fleti ya Mwanaisha, Al Qusais, mtaa uleule ambamo mimi na Mwanaisha tuliwahi kukaa chumba kimoja. Nilitoka Jumeirah Village Circle, ninakoishi siku hizi, nimebeba tende kilo mbili na mtandio uliokuwa ukinitelezea kila mara, kwa kuwa mimi ni Mkristo wa Mbeya na kichwa changu hakijazoea kufunikwa. Wanaume walijaa sebuleni, wanawake tukabanana chumba cha ndani, na mlango ukaachwa wazi ili kisomo kitufikie. Baada ya dua alisimama mpwa wa marehemu, mtu mzima anayesimamia ghala kule Jebel Ali, akasema kwamba mjomba wake amezikwa kwao Wete na hakujaaliwa kuagana na watu wa Dubai, watu aliokula nao chumvi miaka kumi na sita. "Kwa hiyo namwombea kwenu," alisema. "Kama yupo aliyekosewa naye, kwa neno au kwa kitendo, amsamehe. Mmemsamehe?" Wanaume wakaitika kwa pamoja, "Tumemsamehe," na wanawake nao wakaitika kwa sauti ya chini. Mimi sikuitika. Mwanaisha, aliyeketi ubavuni mwangu, akanigusa kwa kiwiko. "Itika, Atu. Kwani alikukosea nini?" Nikamwambia hakunikosea chochote. "Basi si ndiyo rahisi! Sema umemsamehe, watu wapate kula." Nikasema siwezi kumsamehe mtu asiyenikosea. Akanitazama vile anavyonitazama tangu zamani, kwa huruma iliyochanganyika na kuchoka, akasema, "Haya, wakili," akainuka kwenda kupakua biriani.

Sikungoja chai. Tangu siku ile nimerudiwa na hali ambayo nilidhani niliiacha katika ujana: naanza kuosha vyombo naviacha nusu, nafungua kitabu nakifunga, natoka kwenda dukani na nikifika kwenye lifti nasahau nilichokuwa nakifuata. Mume wangu ameniuliza mara mbili kama nimepoteza kitu. Kitu hakijapotea, kipo palepale nilipokiweka, katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi katika mji huu, katikati ya muongo wa elfu mbili na kumi, na nimeona afadhali nikiandike kuliko kuendelea kukizunguka.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa, na nilikuwa na shahada ya elimu ya viumbe wa bahari niliyoipata bila kujifunza kuogelea. Watu hucheka nikiwaambia hivyo. Chuoni tuliisoma bahari kama mtu anavyoisoma nchi asiyotarajia kuitembelea: kwa ramani, kwa majina, kwa vielelezo vilivyolala chupani. Kampuni iliyonileta Dubai ilikuwa ndogo, ofisi tatu na maabara moja katika eneo huru la Jebel Ali, na kazi yake ilikuwa kuchunguza sakafu ya bahari kabla wajenzi hawajaimwagia mawe. Mwaka ule tulipewa mwamba mmoja uliozama karibu na pwani, ambapo mteja wetu alikusudia kujenga ukuta wa kuvunja mawimbi, tukatakiwa tuorodheshe kila kilichoishi pale. Wenzangu waligawana samaki, matumbawe na kaa. Mimi, mgeni, niliachiwa koa wa bahari, viumbe ambao hakuna aliyewataka: konokono walioacha kujenga nyumba, laini, wadogo kama kidole au chini yake, wenye pembe mbili kichwani na, kwa wengi wao, matamvua ya kupumulia yaliyochanua mgongoni kama ua. Hawana gome wala mbio. Wanachojilindia ni sumu na rangi, na rangi zao ni za kumshangaza mtu, kwa sababu hutangaza sumu hiyo.

Katika bahari ile koa hujitokeza zaidi majira ya baridi. Asiyeijua Ghuba hudhani maji yake ni ya moto mwaka mzima, na ni kweli kwamba Agosti mtu huingia baharini kama anayeingia kwenye mchuzi. Lakini Januari, upepo wa kaskazini ukishavuma siku tatu mfululizo, maji hubadilika rangi na tabia, na mtu wa pwani yetu ya Afrika Mashariki akizama humo saa nzima hutoka akigonganisha meno. Mzee Kombo alikuwa akitoka hivyo kila siku ya kazi, mara mbili kwa siku. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye kifua kipana na ndevu alizozipaka hina kwa uangalifu wa bibi harusi, na alikuwa mzamiaji wa kuazimwa: kafeel wake, yaani mdhamini wa viza yake, alimkodisha kwetu kwa msimu. Kabla ya hapo alikuwa akikwangua chaza na mwani kwenye matumbo ya meli bandarini, kazi ngumu aliyoizungumzia kama mtu anavyozungumzia gereza alilomaliza kutumikia. "Huku kwenu ni pepo," aliniambia wiki ya kwanza, amejifunga taulo, mikono yote miwili imeshika kikombe cha chai ya tangawizi. "Nashuka, nafuata makamasi, napanda, nalipwa. Na weye umekaa chuo miaka mitatu kuyasomea makamasi hayo?" Nikamwambia ni miaka minne. "Lahaula," alisema. "Na baba yako anajua?"

Utaratibu wetu wa kazi niliubuni mimi na niliuonea fahari. Kombo alishuka na vikopo vyeusi vya plastiki, kila kimoja na namba yake, na kibao cheupe cha kuandikia majini. Akimwona koa, alimwandika kwanza kwenye kibao, kwa penseli, kwa Kiswahili: rangi, urefu, pembe, matamvua. Kisha alimsukumia kikoponi na kufunika. Juu, kwenye boti, msaidizi aliingiza spiriti kwa bomba la sindano kupitia tundu dogo la kifuniko, na hakuna aliyeruhusiwa kufungua kikopo mpaka kifike maabara, ili namba zisichanganyike. Ukweli ni kwamba spiriti hunyonya rangi. Koa aliyekuwa kama kito hugeuka ndani ya saa chache kuwa kitu cheupe kilichojikunja, mfano wa punje ya mahindi iliyochemshwa. Kwa hiyo nilipomweka chini ya hadubini, umbo lilikuwa langu la kulitambua, na rangi nililazimika kuisoma katika mwandiko wa Kombo. Siku ya kwanza nilimpa agizo moja, nikalirudia mara mbili kwa sauti ya mhadhiri: "Mzee Kombo, andika unachokiona. Usiandike unachokijua." Alinitazama kidogo. "Ninachokiona tu?" "Unachokiona tu." "Haya," alisema, "lako hilo."

Kabla ya msimu kuanza nilimwandikia pia orodha ya vifaa, kwa sababu fomu zilikuwa za Kiingereza na Kombo hakusoma Kiingereza. Alikaa mbele ya meza yangu akinitajia: glavu, kisu butu, vikopo, kamba ya kupimia, soksi nene za majini, tochi. "Tochi uitilie mkazo," alisema. "Chini kule rangi zinakufa." Nilitabasamu. Niliyasikia maneno yale kama nilivyosikia mengi ya wazamiaji, sehemu ya majigambo ya watu wanaokwenda mahali ambapo sisi wengine hatufiki. Siku iliyofuata mkuu wetu, ambaye sote tulimwita Sir, alirudisha fomu akitaka vitu vitano, si sita. Nikaitazama orodha. Kazi ilifanyika asubuhi na adhuhuri, jua la Dubai likiwaka, na mimi ambaye sikuwahi kuingiza kichwa majini nilijiuliza: mchana kweupe, tochi ya nini? Nikapiga mstari. Vifaa vilipokuja, Kombo alivipanga sakafuni, akavihesabu, akaniuliza, "Tochi iko wapi?" Nikamjibu, "Ofisi imekataa." Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kwa nini sikusema nimeikata mimi. Nadhani sikuwa na sababu. Lilikuwa jibu fupi kuliko mengine.

Msimu wote wa baridi nilifanya kazi kwa kasi ambayo sasa naiona kama ugonjwa. Nilikuwa kwenye majaribio mpaka Juni. Nikipita, mkataba na viza vingehuishwa, nisipopita ningerudi nyumbani na masanduku yaleyale. Nilitoka Al Qusais alfajiri, nikapanda metro, nikabadilisha njia ya kijani kwa nyekundu, na kabla treni haijafika Jebel Ali nilikuwa nimesimama mlangoni, siwezi kukaa hata kiti kikiwa wazi. Katika mwamba ule koa mmoja alijitokeza kuliko wote: laini, kingo za mgongo zimekunjamana kama marinda, na kwenye kibao cha Kombo, mara kwa mara, neno lilelile, *kahawia*. Alitoka katika jamii ambayo haina hata ule ulimi wenye meno ambao kwa koa wengine huwa alama ya mwisho ya kuwatambua, na matamvua yake alikuwa ameyavuta yote ndani alipoingiwa na spiriti. Kilichobaki ni rangi. Nilimtafuta vitabuni wa kahawia, nikampata, spishi ya kawaida inayokutwa karibu kila mahali, nikampa jina hilo katika vikopo thelathini na kimoja. Februari ripoti ya kwanza ilikwenda kwa mteja. Chini ya orodha ya koa palikuwa na mstari uliosema nani amewatambua, na juu ya mstari palikuwa na jina langu kamili. Niliipiga picha karatasi ile kwa simu nikaituma nyumbani.

Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili vya ghorofa, wanawake wanne, na mapazia ya kanga tuliyoyatundika ili kila mmoja awe na kuta zake. Mwanaisha, ambaye ni wa Mombasa na siku hizo aliuza manukato katika duka la watalii, alilala chini yangu. Mkabala nasi alilala dada mmoja wa Nakuru aliyefanya usafi katika jengo la ofisi. Kila Ijumaa, nyuma ya pazia lake, tulimsikia akimweleza mama yake kwa simu kuhusu "ofisi yetu" na mandhari yake ya ghorofa ya thelathini, na hakuwa akisema uongo, kwa kuwa vioo vile alivisafisha yeye. Tulisikilizana bila kutazamana. Huo ndio uliokuwa uungwana wa chumba kile: kila mtu alikuwa na toleo la maisha yake alilolituma nyumbani, na hakuna aliyemsahihisha mwenzake. Ijumaa asubuhi Mwanaisha alikaanga mahamri kwenye jiko la pamoja, tukala na mbaazi za nazi tukiwa tumekaa sakafuni, harufu ya iliki ikipambana na ile ya udi aliokuja nao nguoni kutoka dukani. Ilikuwa saa pekee ya juma ambayo miguu yangu ilitulia.

Mwanzoni mwa Machi spiriti ilikosekana kwenye boti. Msaidizi alikuwa amesahau galoni gatini, na vikopo vya siku ile vililetwa maabara na maji ya bahari tu, ndani ya ndoo ya barafu. Kombo alivileta mwenyewe, nywele bado zinatiririka maji. Nikafungua cha kwanza, nikaangalia kibao. Kibao kilisema: *kahawia, marinda, kidole na nusu*. Ndani ya kikopo alikuwa koa mwekundu. Sisemi wekundu wa kutilia shaka. Ulikuwa wekundu wa pilipili iliyoiva, na mgongoni mwake matamvua yalikuwa yamechanua makubwa, yakimzidi upana. Sikuwahi kumwona akiwa hai. Nilimwona akiinua kichwa, akapapasa ukingo wa kikopo kwa pembe zake, nami badala ya kufurahi nikakasirika.

"Mzee Kombo, umechanganya vikopo."

"Sijachanganya."

"Hapa umeandika kahawia."

Akasogea, akachungulia kikoponi. Halafu akasema, "Loo. Kumbe ndiye huyu." Alizungumza kama mtu aliyeoneshwa picha ya jirani yake akiwa kijana. "Chini alikuwa kahawia, mwanangu. Mita kumi na tano, na maji haya ya vumbi, wekundu haufiki. Hata damu yako ukijikata utaiona kama chai ya rangi. Mie nilijua tu kwamba pengine ni mwekundu, maana nimezama miaka."

"Ulijua? Kwa nini hukuandika?"

"Ulinambia nisiandike ninachokijua."

Hakukuwa na kejeli katika sauti yake, na hilo ndilo lililoniumiza. Nilitoa vikopo vyote thelathini na kimoja nikavipanga mezani. Maji yalikuwa yameiba rangi kabla Kombo hajaiona, na spiriti ikaimalizia kabla sijaiona mimi. Katikati yetu wawili, watu makini, kila mmoja akifuata utaratibu, hakuna aliyewahi kumwona mnyama yule. Kati ya wale thelathini na mmoja sikujua ni wangapi waliokuwa wa kahawia kweli na wangapi wekundu. Nilichojua ni kwamba spishi ya pili haikuwamo kabisa katika orodha iliyobeba jina langu, na kwamba kwa kufuata orodha kama hizo watu wengine, mahali fulani, walikuwa wakichora pa kuanzia kumwaga mawe. Na nilijua kwamba tochi moja ingetosha.

Ijumaa iliyofuata mahamri hayakunishuka. Nilisimama, nikaenda dirishani, nikarudi, nikaenda tena, mpaka Mwanaisha akaweka sahani chini. "Hebu keti! Wapita hapa kama feni, wanitia kizunguzungu. Una mchwa miguuni?" Nikamweleza kuhusu koa, kibao na ripoti. Sikumweleza kuhusu tochi. Alisikiliza akitafuna, kisha akauliza swali moja. "Viza yako yaisha lini?"

"Juni."

"Basi nyamaza mpaka Julai."

"Ripoti ya pili inatoka mwezi huu. Jina langu litakaa kwenye kosa lilelile mara mbili."

"Jina, jina! Wewe wadhani kuna mtu ameketi huko asoma majina ya makamasi?" Nyuma ya pazia dada wa Nakuru akacheka, kisha akakohoa kuficha kicheko. Mwanaisha akashusha sauti. "Sikiza, Atu. Mimi nikivunja chupa ya manukato dukani, nauliza kwanza ni nani mwengine alikuwa karibu. Si uungwana, najua. Lakini madam hapigi hesabu ya uungwana wangu."

Nilimkasirikia kwa ushauri ule, nikauchukua. Jumapili, ambayo siku hizo ilikuwa mwanzo wa juma la kazi, nilikwenda kwa Sir. Nilijiambia nakwenda kukiri, na kwa sehemu ni kweli: nilimweleza kwamba koa kadhaa wametambuliwa vibaya, kwamba ripoti ya pili lazima iwasahihishe, kwamba rangi zilizoandikwa si rangi za kweli. Alikuwa mtu wa haraka, hakuwa mbaya, mwenye simu mbili mezani zilizokuwa zikitetemeka kwa zamu. Alinyoosha kiganja kunizuia. "Nani aliandika rangi?"

Swali lilikuwa na jibu sahihi, nami nikalitoa. "Kombo."

Alingoja kidogo, kana kwamba huenda nina la kuongeza. Mbele yangu palikuwa na nafasi ya ukubwa wa sentensi moja: aliomba tochi, mimi nikaikata. Nilikuwa nayo mdomoni kamili. Nilitazama mezani pake, nikaona faili lenye jina langu na neno Juni, na simu moja ikatetemeka, akaipokea, akanionesha kwa kichwa kwamba tumemaliza. Nilitoka nikiwa na hisia kwamba nimesema ukweli, na kwa siku mbili tatu hisia hiyo ilinibeba. Sikuwa nimesema neno moja lisilo la kweli. Nimeishi na watu wengi tangu wakati ule, nimesikia mashahidi wa kila aina, na bado sijui uongo unaofanya kazi vizuri kama jibu sahihi lililokatwa mahali panapofaa.

Juma lilelile Kombo alirudishwa kwa kafeel wake. Akaletwa mzamiaji mwingine, kijana wa Kifilipino mwenye kamera na taa mbili kubwa, na koa walianza kunijia katika picha, wenye rangi zao zote, nyekundu, zambarau, manjano, nami nikaandika upya orodha. Ilikuwa orodha nzuri. Sir aliisifu mbele ya wote. Nilipunguza kula. Nilibadilisha viti kwenye metro mara mbili tatu katika safari moja. Niliwaza kumpigia Kombo simu na kila mara nikakuta sababu: yuko kazini, yuko msikitini, amelala.

Alikuja mwenyewe, Alhamisi moja adhuhuri, wiki tatu baada ya yale. Aliingia maabara amebeba suti ya kuzamia, imekunjwa na kufungwa kwa kamba. "Nimekuja kurudisha ngozi ya watu," alisema. Nilimpa kiti. Nilimwuliza kazi mpya, akasema kafeel amempeleka tena bandarini, kwenye matumbo ya meli. Vidole vyake vilikuwa na michubuko ya chaza. Aliitazama picha iliyokuwa kwenye kompyuta yangu, koa mwekundu akiwa juu ya mwamba, akatikisa kichwa kwa kupendezwa. "Mtazame alivyojipamba. Na mie nimemtia kikoponi miezi mitatu namwita kahawia." Halafu, bila kubadilisha sauti, akasema, "Mtu wa stoo kanionesha ile karatasi ya vifaa."

Nikaiondoa picha kwenye kompyuta.

"Mstari wako nnaujua. Unakata mara moja, kama mchinja kuku, wala hutazami nyuma."

"Mzee Kombo..."

"Sikuja kukugombeza. Nataka kukwambia jambo." Alikaa vizuri, mikono juu ya magoti. "Siku ile ulipoingia kwa Sir, mie nilikuwa nje, kwenye kile kiti cha karibu na mashine ya maji. Nimeitwa kutia saini ya mahudhurio. Mlango haukufungika. Nikasikia, nani kaandika? Ukasema, Kombo. Kiingereza hicho nakijua, jina langu. Nikajisemea, bado, huyu mtoto anavuta pumzi, sasa hivi ataendelea. Nikangoja." Akacheka kidogo, kicheko cha puani. "Umevuta pumzi ndefu, mwanangu. Hata mie siwezi hiyo. Wiki tatu."

Nililia, nikasema mambo mengi ambayo sikumbuki mpangilio wake. Kombo alinyoosha mkono akachukua kitambaa cha kusafishia hadubini akanipa, kitambaa ambacho hakikuruhusiwa kuguswa na maji, nami nikajifutia. Alisema, "Haya, basi, basi. Watu watadhani nimekuposa." Kisha akaaga. Mlangoni aliniuliza yule mwekundu anaitwaje, nikamtajia jina la Kilatini, akajaribu kulitamka, likamshinda, akaondoka akilirudiarudia mpaka kwenye lifti.

Jumapili asubuhi nilikwenda kwa Sir kabla hajavua koti. Nilisimama, sikukaa, na safari hii nilisema yote kwa mfululizo: tochi, mstari, "ofisi imekataa", na ile nafasi ya sentensi moja niliyoiacha tupu aliponiuliza nani aliandika rangi. Nilimwomba amrudishe Kombo. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo lililonitia hofu, kisha akafungua droo. "Khalas, Atupele," alisema. "Hilo limeshapita. Kafeel wake amempa kazi nyingine, na sisi tuna mtu mwenye kamera." Alitoa faili langu akalisukuma kwangu. Ndani kulikuwa na mkataba wa miaka miwili, tayari umetiwa saini upande wake. Ulikuwa umetiwa saini tangu wiki iliyopita. Ukweli ambao niliuogopa kiasi cha kumtoa mtu mwingine badala yangu haukunigharimu hata siku moja ya kazi, wala lawama, wala hata mkunjo wa uso. Kama ningeusema mara ya kwanza, pengine gharama yake ingekuwa hiyohiyo, na Kombo angebaki. Kalamu ilikuwa mezani. Nikatia saini.

Kombo alikwangua meli miezi minane. Kiwambo cha sikio lake la kulia kikapasuka, na wakampandisha ndege kurudi Pemba. Tulipigiana simu kila Idi, miaka yote iliyofuata. Alikuwa akiniambia nipaze sauti, aniulize kama makamasi yangu hayajambo, anicheke kwa kuolewa na mtu wa bara kama mimi. Hakulitaja tena jambo lile, na mimi nilichukulia kimya chake kuwa ni ruhusa.

Kitu kimoja nilikifanya. Katika kiambatisho cha ripoti ya mwisho, chini ya orodha iliyosahihishwa, niliongeza sentensi tatu ambazo hakuna aliyeniomba. Niliandika kwamba rangi za msimu wa kwanza ziliandikwa bila taa. Kwamba mzamiaji aliomba taa na alieleza kwa nini. Kwamba ombi hilo lilikatwa na mtambuzi, na kosa ni la mtambuzi. Nikaweka jina langu kamili. Ripoti ikachapwa, ikapelekwa, ikawekwa rafuni, na niliporudi nyumbani siku ile nililala kwa mara ya kwanza bila kugeukageuka, nikiamini nimelipa haki ya mtu. Sentensi hizo niliziandika kwa Kiingereza. Kombo hakusoma Kiingereza, na kwa miaka yote ile ya simu za Idi, mimi sikumtafsiria.